Mafuta ya Korosho Kwenye Kanzu ya Mjomba

Mkinicheka nicheke nanyi, maana aibu hii ninayo tangu tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa hapa Mkunya, enzi zile ng'ambo ya Ruvuma wenzetu wanapigana na Wareno na sisi huku tunapangiwa nyumba mistari mistari kama matuta ya mihogo.

Mwanangu Zainabu alikuwa hanenepi wala hatembei, mikono njiti, tumbo ngoma, na choo chake (mnisamehe mnaokula) kilaini, kinanuka, kinang'aa. Sasa kwetu Wamakonde mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo mjomba wa mke wangu akaleta habari kutoka Newala kwamba atakuja siku ya mkutano wa kijiji, na akimkuta mtoto bado mwembamba atamchukua yeye na mama yake, mimi nibaki na jembe langu.

Nikaona nimuwahi. Nikatwanga korosho (zilikuwepo tele, zimejaa ghalani zinaota ukungu, ushirika unatuambia magunia yako njiani), nikachanganya na mafuta ya mbuzi, nikamlisha mtoto asubuhi, mchana na jioni.

"Baba Zainabu, mbona kila ukimshindilia ndiyo anazidi kukonda?" akauliza mke wangu.

"Unene uko njiani," nikamjibu. (Nilishaanza kusema kama katibu wa kijiji.)

Siku ikafika. Afisa wa wilaya anatuhutubia habari za lishe bora, mjomba akatokea na kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, nikamwamkia shikamoo, hakuitika. Akamnyanyua mtoto juu mbele ya watu.

"Tazameni! Mtu ana korosho ghala zima, damu yangu anaishindisha njaa!"

Zainabu akamjibu, si kwa mdomo, kuanzia kifuani kwa mjomba mpaka kwenye ndala. Nikakimbilia ndoo nikammwagia maji, na hapo ndipo nilipoharibu zaidi, maana maji yaliteleza kama kwenye jani la mgomba, doa likatanda, harufu ikamfuata afisa mpaka mezani, naye akafunga mkutano kabla hajafika kwenye mlo kamili.

Mjomba akagusa kanzu kwa kidole, akakinusa.

"Haya mafuta."

"Ni mafuta, mjomba."

"Ya korosho?"

"Na ya mbuzi."

"Sasa mbona huyu anakula kuliko mimi!"

Hasira ikamwisha, hofu ikamwingia. Tukaenda wote hospitali ya misheni Masasi, mjomba amejifunga kanga ya mke wangu. Daktari akasema hana kipimo cha kuhakikisha, ila anavyodhani, mafuta yanaingia vizuri kwenye ukuta wa utumbo, lakini ili damu iyasafirishe lazima mwili uyafunge kwenye vifurushi vidogo, na mwili wa Zainabu hauvitengenezi. Basi yanarundikana pale pale, yanayofuata yanakosa nafasi yanatoka nje, na vitamini za macho zinazosafiri nayo zinapotea. Kila nilipomwongezea nilikuwa namuumiza.

"Kumbe hakuna magunia!" mjomba akapiga paja. Tukacheka mpaka machozi, daktari anatushangaa.

Mafuta tukayaacha, akala uji, kunde na dawa za vitamini, akabaki mwembamba lakini akatembea. Mjomba akarudi Newala peke yake. Kanzu niliifua mimi, nikaisugua kwa majivu, haikutakata, na nikiwa nimeinama pale kisimani na wanawake wananicheka niliapa: mtoto sitamlisha tena kwa ajili ya kumziba mdomo mtu mzima.