Gitaa la Papa Ukutani

Papa, baba yangu, alipiga gitaa kwa miaka mingi katika orkesta moja ya mtaa wa Mangobo, na mpaka leo nikisema hivyo watu huniuliza kama alikuwa mpiga solo. Hapana. Alikuwa yule wa nyuma, wa gitaa la pili, anayerudia mwendo uleule bila kuchoka mpaka sebene ifike, pale waimbaji wanaponyamaza na magitaa yanabaki kuendesha miguu ya watu. Jina lake halikuandikwa kwenye sahani yoyote ya santuri. Lakini siku alipougua malaria, Jumapili moja mchana, wacheza dansi walirudi kwenye viti wimbo ukiwa katikati, kwa kukosa mwendo wake. Mama alipenda kuisimulia habari hiyo.

Vita ilipoingia mjini, tulilala chini siku kadhaa, sisi watoto upande huu, wazazi upande ule, na gitaa katikati, limefungwa ndani ya blanketi. Nyumba ilipoteza paa. Gitaa halikupata hata mkwaruzo.

Sasa nieleze yaliyolipata baadaye.

Mwaka juzi alikuja kwetu Lubunga, ng'ambo ya mto, bwana mmoja wa kamati ya sherehe za rumba, amevaa koti la bluu. Alivuka mto kwa mtumbwi, akala pondu yangu ya majani ya muhogo, akasifu, kisha akamgeukia Papa.

“Bon, Papa, rumba sasa iko mali ya dunia muzima. Tunataka batu bote baone hii gitari. Siku tatu tu, tunakurudishia.”

“Na miye nitapiga?” Papa aliuliza.

“Bien sûr! Utapiga, Papa.”

Kwa siku mbili nzima Papa alifanya mazoezi kwa vidole vitupu juu ya paja lake, maana gitaa lilikuwa limekwisha kwenda. Siku yenyewe alivaa suti yake ya kahawia. Tulivuka asubuhi, tukapanda toleka, zile baiskeli zetu za abiria, kila mtu yake, Papa mbele na mimi nyuma, na nilimwona ameshikilia kofia yake isipeperuke.

Tulikaa juani tangu saa tatu. Hotuba zikafuatana, kila mkubwa akitaja urithi, urithi, urithi. Nyuma yao lilining'inia bango kubwa lenye picha ya Papa na gitaa, bila jina. Baada ya hotuba ya mwisho, vipaza sauti vikaanza kupiga rumba ya Kinshasa kutoka kwenye simu ya mtu. Nilimfuata bwana wa koti la bluu.

“Papa yangu anapiga saa ngapi?”

“Mama, programme imejaa. Pardon.”

“Lakini picha yake mumeiweka!”

“Ni kweli, mama. Ni heshima kubwa ile.”

Papa alinivuta mkono. Alisema tu kwamba ana kiu.

Siku tatu zikawa miezi mitatu. Kila nilipopiga simu niliambiwa gitaa liko salama. Mwishowe niliomba ruhusa shuleni ninakofundisha, nikavuka, nikaenda ofisini kwa kamati. Gitaa lilikuwa ukutani, juu ya friji. Walilitundika kwa misumari miwili. Si kwa kamba. Misumari ilipita ndani ya tumbo la gitaa, ikatokea nyuma, ikaingia kwenye ukuta. Nyuzi walizikata, labda kwa sababu zilikuwa zinapiga kelele friji ikitetemeka.

Sijawahi kumpiga mtu. Siku ile mikono yangu ilitaka. Badala yake nilivuta kiti cha yule bwana, nikapanda juu yake na viatu vyangu vya matope.

“Mama, unafanya nini? Utaharibu ukuta!”

Nilimgeukia kutoka juu ya kiti. “Rudia.”

Nilitikisa misumari mpaka ikatoka, na chokaa ikamwagikia makaratasi yake. Nilivuka mto nikilia kwa hasira.

Papa alilipokea gitaa, akapitisha kidole gumba juu ya matundu. Nilingoja atukane. Nilitaka sana atukane. Alichanganya unga wa mbao na gundi, akaziba, akaweka nyuzi mpya. Uzi mnene ulipopigwa ulitoa mkwaruzo ambao haukuwapo zamani.

“Inatoa sauti bado,” alisema.

Mwaka huu barua ya kamati ilikuja, ikimwalika Papa tena. Niliisoma kwa sauti, nikataka kuichana.

“Papa, hauendi.”

“Ninaenda.”

“Baada ya ile balikufanyia?”

“Ile kasirani iko yako, mwanangu. Siikatai. Lakini usinivalishe.”

Basi tulikwenda, na gitaa nililipakata mwenyewe njia nzima. Bwana wa koti la bluu alipotuona alinyoosha mikono atusaidie. Nilimwambia, “Usiguse,” na watu wakageuka.

Safari hii walimpa wimbo mmoja. Papa alikaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya vijana wa orkesta, akaanza ule mwendo wake, na sebene ilipofika uwanja mzima ulisimama kucheza. Hata yule bwana alicheza, macho ameyafumba, mikono juu. Alicheza vizuri, lazima nikubali. Nilibaki nimekaa nikimtazama anavyokula utamu wa vidole vya baba yangu, na hasira yangu haikupungua hata kidogo.