Cherehani ya Chapchap

Wateja walimwita Chapchap kwa sababu ukimpelekea kitambaa asubuhi, jioni unavaa gauni. Ni mke wa kaka yangu. Mimi nakata, yeye anashona, na chumba chetu cha mbele hakikosi kelele za cherehani wala maneno yangu, maana mdomo nimejaliwa.

Alipojifungua, tulitarajia apumzike miezi mitatu. Wiki ya sita akarudi kazini. Nikajigamba kwa kila mteja, "Mnamwona wifi yangu? Chuma huyo! Nyie mkizaa mnalala kama magunia." Yeye akaendelea kushona. Zamani angenijibu, tena jibu la kuniacha hoi.

Akaanza kukonda. Chai ilimpoa mezani. Mtoto akilia, alikanyaga pedali kwa nguvu zaidi, na mimi ndiye niliyembeba. Nilinung'unika moyoni kwamba sasa ananifanya yaya wake. Naona aibu kusema, lakini ndivyo nilivyofikiri.

Jumanne moja mchana mtoto alilia mpaka sauti ikamkauka. Nilikuwa nakata suruali, nikapandwa na hasira.

"We Chapchap, huyo mtoto ni wa nani?"

Hakugeuka. Nikamfuata, nikavuta kitambaa chini ya sindano ili nimfokee vizuri. Kilitoka na matundu matupu, mstari mrefu wa matundu. Uzi ulikuwa umekatika, na ameshona hivyo kwa muda gani, sijui.

"Uzi umekatika, wifi," nikasema, hasira zote zimeniisha.

"Najua."

"Sasa unashona nini?"

"Nikisimama, namsikia." Hakuinua macho. "Namwangalia, sioni kitu, wifi. Nasubiri nimpende, siku zinakwenda tu. Nikiamka asubuhi natamani nisingeamka."

Niliogopa kwelikweli. Nikamfunga mtoto mgongoni, nikamvalisha wifi viatu kwa mikono yangu, tukafunga mlango na kushika njia ya hospitali. Sikumwachia mkono.

Kabla hatujafika barabarani tukakutana na mama wa duka, mteja wetu wa siku nyingi. Akachungulia mgongoni kwangu huku anacheka.

"Jamani, mtoto hajambo?"

Nikafungua mdomo nijibu mimi, kama kawaida yangu. Chapchap akaniwahi.

"Mtoto hajambo," akasema. "Mimi ndiye mgonjwa."