Mkwe Ndani ya Mkato wa Reli

Kijiji cha ukweni kwangu sitakitaja. Kiko kati ya Nachingwea na Ruangwa, na hayo yanatosha. Nilikwisha kujitahidi kupita kiasi kuwaonyesha watu njia ya kukifikia.

Mimi ni fundi redio mjini Nachingwea. Shule niliishia darasa la saba, mengine nimejisomea. Jambo nililolisoma kwa bidii kuliko yote ni reli ya karanga, ile waliyoijenga Waingereza baada ya vita kubebea karanga ambazo hazikupatikana, kisha ikang'olewa. Mataruma yake ya chuma ukiyatafuta utayaona mpaka leo: hapa moja limekuwa daraja la mtaro, pale jingine linashikilia paa la banda la mbuzi. Tuta lake watu wanalikanyaga bila kulijua. Nilijipa kazi ya kulifuata kwa miguu kila kiangazi, ufuta ukishavunwa, kipande baada ya kipande.

Kipande kilichonishinda kilikuwa nyuma ya kijiji cha ukweni. Ramani ya zamani ilionyesha kwamba pale reli haikupanda kilima. Kilima chenyewe kilikatwa, ukabaki mkato mrefu wenye kuta za udongo pande mbili. Nilipouliza, mashemeji zangu wa kiume walisema huko ni pori tupu. Jirani yao akaongeza kwamba kuna chatu. Nilimuuliza mke wangu, aliyezaliwa palepale. Alikuwa anachambua choroko. "Huko mimi sikujui," alisema, wala hakuinua uso.

Nikahitimisha kwamba njia imesahaulika, na kwamba ni juu yangu kuikumbusha. Nilikwenda kwa mtendaji wa kijiji, naye akaniitia kikao. Nilieleza faida: wanafunzi kutoka mjini wataitembelea, walimu watapata mahali pa mazoezi, kutakuwa na kibao. Jamaa za mke wangu walikuwepo. Hakuna aliyepinga. Shemeji yangu mkubwa alisema, "Sawa, mkwe wetu, umesema vizuri," akatazama miguu yake. Nilifurahi. Sikujiuliza ni lini niliwahi kusikia mtu wa kule akimkatalia mkwe hadharani. Ilikubaliwa kwamba Jumamosi inayofuata vijana watafyeka.

Siku chache kabla ya Jumamosi hiyo nilikwenda kukagua. Nilifuatana na mwalimu mmoja wa sekondari, kijana wa Bukoba aliyepangiwa kazi huku, mpenzi wa kutembea na wa kupiga picha. Tuliingilia upande wa pili, mbali na kijiji. Nyasi zilitufika kifuani, lakini katikati ya tuta palikuwa na mstari mwembamba wa udongo uliokanyagwa ukawa mgumu kama sakafu.

"Kaka, mbona hapa panapitwa?" mwalimu aliuliza.

"Wanyama," nilisema. "Ngiri hao."

Hata leo neno hilo likinirudia nasikia uso ukiwaka.

Tuliingia mkatoni. Kuta zilituzidi urefu, udongo mwekundu, juu yake mianzi na upupu uliokauka. Njia ilibana hata watu wawili wasingepishana bila kugusana mabega. Nilikuwa nimegeuka nusu kumwelekea mwalimu, namweleza kwa sauti kubwa jinsi kilima kinavyokatwa, nikasikia vicheko vya wanawake mbele yetu. Wakatokea kwenye kona, watatu, kila mmoja na mzigo wa nyasi za kuezekea kichwani. Wa mbele alikuwa mama mkwe wangu.

Msomaji wa mbali huenda asielewe uzito wa jambo hilo. Kwa watu wa ukweni kwangu, mwanamume na mama wa mkewe hawakutani njiani. Wakionana kwa mbali, mmoja anaingia porini na kugeuza uso mpaka mwenzake apite. Hawapeani mkono, hawatazamani usoni. Salamu hupitia kwa mtu wa tatu. Si chuki, ni heshima, tena ya juu. Kwa miaka yote ya ndoa yangu yule mama nilimjua kwa mgongo wake, kwa kanga zake na kwa sauti iliyotoka nyuma ya ukuta. Sasa hapakuwa na pori la kuingilia. Palikuwa na udongo kushoto na udongo kulia.

Aliangusha mzigo, akajifunika kanga kichwa chote, akaugeukia ukuta hata paji la uso likaugusa. Wajibu wangu ulikuwa kurudi nilikotoka. Lakini nyuma yangu mwalimu alikuwa ameiziba njia, simu juu, anarekodi video.

"Shikamooni, mama zangu! Kaka, sogea karibu nao kidogo, hapo imekaa vizuri sana!"

Badala ya kumsukuma nikarudi, nilijaribu kuupanda ukuta. Udongo ulimeguka, nikaporomoka pamoja na matawi ya upupu, nikaangukia magoti hatua moja tu kutoka kwenye visigino vya mama mkwe.

Wanawake wawili wa nyuma waliangua kicheko. Mara wakanyamaza, maana yeye hakucheka. Aligeuka huku amejifunika, akipapasa ukuta kwa mkono, akaanza kurudi alikotoka. Mwendo wake ulikuwa wa taratibu, wa mtu mwenye magoti mabovu. Mzigo wake ukabaki njiani.

Mmoja wa wale wawili alikuwa mdogo wake mke wangu, shemeji ambaye desturi inamruhusu kunitania apendavyo.

"Shemeji, reli umeipata?" alisema. "Ipakie basi uende nayo."

"Nisamehe, shemeji. Niliambiwa hakuna njia."

"Uliambiwa na nani?"

"Na watu wote."

"Basi watu wote walikuheshimu." Alikuwa haniangalii tena kwa utani. "Unadhani wangekwambia wewe? Hii ni njia yetu. Barabarani mnapita nyinyi wakwe na pikipiki zenu. Mama akienda shamba, akisikia honi, ashuke mtaroni. Akipanda, honi nyingine, ashuke tena. Na magoti yale! Huku ndiko anakotembea ameinua uso. Bibi zetu walipita huku, na wanaume waliooa kwetu wanajua hawaji. Wewe peke yako ndiye uliyeiitia kikao."

Nilikuwa nawashwa upupu mwili mzima na sikuthubutu kujikuna.

"Mimi sijawahi kumwona mama barabarani," nilisema.

"Hujamwona. Si yuko mtaroni? Wewe ndiye unayepiga honi kuliko wote, pi, pi, unasalimia kijiji kizima!"

Ilikuwa kweli. Kila nilipoingia kile kijiji nilipiga honi kwenye nyumba ya kwanza, kwa furaha ya mtu anayejiona amefika nyumbani. Kando ya barabara nilikuwa naona nyasi tu.

Niliinama kuuchukua ule mzigo. Nilitaka angalau niufikishe nyuma ya jiko lake.

"Uache," alisema shemeji. "Akijua umeubeba wewe, hatauezekea."

Tukaurudia mwanzo wa mkato, mimi na mwalimu. Yeye alitaka kujua kosa lake. Nilipomweleza aliduwaa. "Kwetu mama mkwe anakukaribisha chakula, mnapiga soga," alisema. Kisha akaifuta ile video mbele ya macho yangu bila kuombwa, na kwa hilo namshukuru.

Ilibaki Jumamosi. Sababu ya kweli sikuweza kuitamka kwa mtendaji. Kuitamka mbele ya watu kungekuwa kumvua mama wa watu kanga mara ya pili. Nilimkuta kijiweni, nikamwambia kuta zinamomonyoka, ni hatari kwa wanafunzi, kazi isimame.

"Mzee wa reli!" alicheka. "Kumbe umekimbia upupu!"

Nilisema ndiyo, nimekimbia upupu. Vijana wa pale kijiweni wakacheka pia. Shemeji yangu mkubwa alikuwa amesimama nao. Hakucheka, wala hakunitazama, na nikaelewa kwamba habari ilikwisha kumfikia.

Kosa la namna ile lina utaratibu wake. Nilinunua kanga, nikatafuta kuku, nikamkabidhi mke wangu apeleke. Alikaa kwao siku mbili. Aliporudi nilimuuliza kwa nini hakunionya tangu mwanzo. "Ningekwambiaje kwamba mama yangu anakukwepa? Ungeacha kwenda. Naye anapenda ukienda."

"Amepokea?"

"Amepokea. Kanga ameivaa."

"Na njia?"

Akasema wanawake wengine wanaendelea kupita kule, lakini mama amekataa. Anasema pakishaingiwa na mkwe mmoja, hajui nani atatokea kwenye kona. Amerudi barabarani. Ameagiza jambo moja tu: mkwe asiache kuja, ila honi apigie mbali.

Basi sasa, nikienda ukweni, nasimamisha pikipiki penye mkorosho mkubwa, kabla nyumba ya kwanza haijaonekana. Napiga honi mara moja. Nazima injini na kusubiri, muda wa kumtosha mtu mzima mwenye magoti mabovu kushuka mtaroni na kugeuza uso. Kisha naingia polepole, macho mbele, kando siangalii. Huenda yupo, huenda hayupo. Reli yenyewe sijaifuata tena.