Pasta Rubeni Alipoomba Msamaha Mbele ya Kanisa

Mwanangu, iko Jumapili moja ambayo sijaisahau mpaka leo, na wewe unayetaka kuongoza vijana wa kanisa ni vizuri uisikie kutoka kwangu.

Wakati huo nilikuwa bado mke kijana. Tulikuwa tumetoka mji wa Louisville kuhamia Buffalo, hapahapa Marekani, upande wa mashariki wa mji, kwa sababu ndugu za mume wangu walikuwa huku na viwanda vilikuwa vinaajiri. Kanisa letu lilikuwa dogo. Tulisali mchana, Wamarekani wenye jengo wakishamaliza ibada yao. Pasta wetu, Rubeni, alipakia mizigo ghalani juma zima, halafu Jumapili anavaa suti na kuhubiri.

Bon, basi, akaja mhubiri mgeni kutoka mji wa Columbus. Aliyemwalika ni Pasta Rubeni mwenyewe. Alihubiri vizuri, siwezi kukataa. Mwishoni akaita wagonjwa mbele. Mume wangu, Baba Neema, alikuwa na ugonjwa wa sukari, akijidunga insulini kila siku. Mgeni akamwekea mikono, akasema amepona, na kwamba kuendelea kujidunga ni kumwambia Mungu kuwa ni mwongo. Kanisa zima likaitikia amina. Pasta Rubeni, aliyekaa nyuma ya mgeni, naye akaitikia.

Tulipofika nyumbani Baba Neema akatupa dawa zote. Nilimsihi, akasema namkatisha imani. Siku zilizofuata akawa anakunywa maji bila kukoma, uso ukamkonda, kisha akaanza kutapika na kuhema kama mtu anayepanda mlima. Nikasema naita ambulensi. Akasema ikija hapandi. Donc, basi, nikampigia Pasta simu kazini.

Alikuja na viatu vyake vya ghalani, akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Baba Neema, twende hospitali."

"Pasta, hata wewe ulisema amina."

Pasta akainamisha kichwa. Kisha akasema, "Ndiyo, nilisema. Lakini unamkumbuka yule mfalme Hezekia, aliyeugua jipu? Mungu alikwisha kumwahidi kwamba atapona. Na bado nabii Isaya akaagiza waponde tini, wampake kwenye jipu. Je, nabii hakuwa na imani?"

Mume wangu akafumba macho. Nikadhani amezimia. Akasema polepole, "Nipeni viatu."

Madaktari walimlaza. Walituambia tungechelewa kidogo tu, tungempoteza.

Jumapili iliyofuata nilikwenda ibada peke yangu na mtoto. Nje ya mlango nikawakuta wazee wa kanisa wamemzunguka Pasta. Walikuwa wamesikia anataka kuzungumzia jambo hili. Mmoja akamwambia, "Pasta, omba tu kimya kimya. Ukijishusha hivyo, nani atakuheshimu tena?"

"Wasiponiheshimu nitavumilia," akajibu. "Kumzika mtu kwa sababu ya kunyamaza kwangu, hapo sitavumilia."

Akaingia, akasimama mbele. Hakumtukana yule mgeni, wala hakuzungukazunguka. Alisema, "Mimi ndiye niliyemwalika. Nilisikia neno ambalo moyoni nilijua si sawa, nikaitikia amina kwa sababu niliona aibu kumpinga mgeni. Baba Neema yuko hospitali. Nimekosa mbele ya Mungu na mbele yenu, naomba mnisamehe. Dawa mnazopewa na madaktari, zitumieni, na sisi tutaendelea kuwaombea."

Familia moja ikanyanyuka kwa hasira, ikatoka, na nyingine nyuma yake. Hawakurudi tena. Pasta aliwaangalia mpaka mlango ukafungwa.

Ndipo bibi mmoja mjane, aliyekuwa akikaa safu ya kwanza, akasimama akishikilia kiti. Akasema, "Pasta, na mimi nimeacha dawa za presha. Tangu siku ileile. Nilikuwa naogopa kumwambia mtu."

Mke wa Pasta akaenda kumshika mkono, wakatoka pamoja kwenda kwake kutafuta zile dawa. Sisi tuliobaki tukaimba.

Mwanangu, nimeongozwa na watu wengi wenye sauti kubwa. Niliyejifunza kwake ni Pasta Rubeni. Ukipewa kusimama mbele ya watu, ujue neno lako litawafuata mpaka jikoni na mpaka kwenye kitanda cha mgonjwa. Soma Maandiko mpaka mwisho, usikate kipande kinachokupendeza. Usiitikie amina kwa aibu. Na ukikosea hadharani, rekebisha hadharani, maana huwajui wote walioumia kwa kukusikiliza.

Mungu akupe kinywa cha kweli na moyo usioogopa kuomba radhi. Awalinde wale atakaokukabidhi, na nyumba yako isikose amani.