Springi za Gari la Zahanati

Pikapu niliyomnunulia mdogo wangu ilikuwa imesimama kwenye yadi ya fundi, Southall, huku ughaibuni ninakoishi, nyuma ya duka la vitambaa, na mimi nilikuwa nimeshaamua. Nilitaka springi ngumu kuliko zote alizokuwa nazo.

Mdogo wangu ni mkunga katika zahanati moja kwenye milima ya Usambara. Kutoka kwake hadi hospitali ya wilaya ni barabara ya mawe na makorongo. Mjamzito akizidiwa na uchungu hushushwa kwa pikipiki, amebanwa katikati ya dereva na ndugu yake. Mmoja alijifungulia njiani, na mtoto hakupona. Mdogo wangu alinisimulia kwa simu bila kulia, na hilo ndilo lililonitisha. Nikaanza kuchukua zamu za Jumapili kwenye nyumba ya wazee ninapofanya kazi, mpaka nikapata pikapu ya mtumba, imara, yenye bodi la kufunika nyuma. Tatizo lilikuwa springi za nyuma. Zilikuwa zimechoka.

Springi zenyewe ni vyuma bapa virefu vilivyopinda, vimelaliana kimoja juu ya kingine. Kwetu, gari la mizigo huongezewa bapa moja au mawili kabla halijapanda mlima, wala hakuna anayeuliza kwa nini. Kanisani Peckham, tukinywa chai baada ya ibada, wenzangu nao walinishauri hivyohivyo.

"Weka ngumu, dada. Kule hakuna lami ya Peckham."

"Gari lisilobeba gunia la viazi ni pambo," akadakia mwingine. "Au utalivalisha gauni?"

Fundi alikuwa mzee wa Kipunjabi, mzaliwa wa Nakuru, na Kiswahili chake kilikuwa hakijazeeka hata kidogo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanimiminia chai ya maziwa, kisha akauliza, "Hii gari itabeba nini, mama?"

"Wajawazito."

"Na nini tena?"

Nikanywa chai kwanza. "Viazi. Saruji. Maharusi. Mzee, si unatujua?"

"Nawajua sana. Lakini springi ya saruji haimjui mama mwenye uchungu. Gari ikiwa tupu, itaruka kama mbuzi."

Akanieleza kwamba springi ngumu hainesi mpaka ielemewe. Mgonjwa mmoja na mkunga wake si uzito wa kuielemea, kwa hiyo kila jiwe la barabarani lingepanda moja kwa moja hadi mgongoni mwa mgonjwa. Mimi niliacha shule kidato cha pili, wazazi wetu walipofariki, nikalea wadogo zangu wawili kwa kubeba na kuuza mboga. Nilichojua kuhusu mzigo ni kwamba huwa unaongezeka. Nikakataa kumwelewa.

Hakubishana. Yadini palikuwa na pikapu nyingine kama yangu, ya mjenzi mmoja, aliyokuwa ameifunga springi ngumu kabisa. Akapanga vipande vya mbao chini, akatandika maboksi ndani ya gari lile.

"Panda, ulale."

Nililala kifudifudi, nikacheka, nikageuka chali. Akaendesha polepole juu ya mbao, huku na huko. Niligonga kisogo, nikang'ata ulimi, na kiuno kikanikumbusha umri wangu. Alipofungua mlango wa nyuma aliniuliza, "Una uchungu, mama?"

"Sikuwa nao, mzee. Sasa ninao."

Tulicheka wote wawili, lakini hofu yangu ilikuwa bado palepale. Springi laini zingemfaa mgonjwa, ila kijiji kizima kingeomba kupakia, nazo zingevunjika kabla ya masika. Gari likilala, wanawake wangerudi kwenye pikipiki. Nikampigia mdogo wangu nikiwa nimekaa palepale kwenye maboksi, nikaweka spika ili fundi naye asikie.

"Watakuomba, mdogo wangu. Wote. Utawafanyaje?"

"Nitakataa."

"Utamkataa nani, wewe?"

"Dada, asiyeweza kukataa ni wewe. Ulikuwa unampa jirani ugali wako, kisha unatuambia umeshiba. Ufunguo nitashika mimi. Weka springi za mgonjwa."

Fundi akanyanyua spana yake. "Huyo ndiye bosi. Mimi namfuata huyo."

Akaagiza springi za mzigo mwepesi na shokapu zinazoendana nazo. Nilitaka gari linyanyuke sana ili livuke makorongo. Akanyanyua inchi mbili tu, akiniuliza mwenye tumbo angepandaje mnara. Nati za mwisho hakuzikaza gari likiwa juu ya jeki. Alilishusha kwanza likae kwa uzito wake, ndipo akaingia chini kuzikaza, kwa magoti yake yale ya kizee. Nilimshukuru mpaka akaniomba ninyamaze.

Gari lilipofika Usambara, mama wa kwanza alishushwa salama, dereva kwenye usukani na mdogo wangu nyuma, akajifungulia hospitalini. Wiki ileile mjomba akanipigia. Ni yeye aliyetupokea nyumbani kwake baada ya mazishi ya wazazi wetu, na sijawahi kumjibu vibaya.

"Mdogo wako ana kiburi! Mifuko kumi tu ya saruji, amenifungia mlango wa gari!"

"Nisamehe, mjomba. Springi nilizichagua mimi."

"Springi gani? Mimi nazungumzia heshima!"

Nilimwacha aseme yote, maana anayo haki hiyo. Nikamwahidi lori la kukodi, nikamuuliza nyumba imefika wapi, akapoa kidogo. Alipokata, nikampigia mdogo wangu kumshukuru. Nilisikia injini ikiunguruma na mawe yakigonga chini.

"Punguza sauti, dada," alininong'oneza. "Nipo nyuma na mgonjwa. Amepata usingizi."