Kitanda cha Karavani

Harufu ya waya unaoungua hunirudisha Mangobo, mtaa niliokulia, papo hapo, hata niwe nimechoka vipi, na siku hizi, jamani, nimechoka kila siku. Naiona tena ile karavani kuukuu, nyumba ya bati yenye magurudumu iliyoachwa na wajenzi wa barabara, ambayo majirani walitusaidia kuisukuma hadi uani kwetu. Papa, baba yangu, alikuwa fundi umeme. Alimwahidi mama kuigeuza mgahawa, aache kuuza maharage na mikate juani, amesimama tangu asubuhi hadi miguu inavimba.

Nilikuwa na miaka tisa. Papa alibandua mbao za ndani zilizooza, na nyuma yake tukakuta nyaya zimetafunwa na panya, hakuna hata mmoja mzima. Akazing'oa zote. Kisha akaanza kupitisha mpya, mmoja mmoja, kutoka kwenye betri ya gari, akirudia kwamba haraka haraka haina baraka, mpaka mama akasema hiyo baraka itamkuta keshazeeka.

Siku ya kuonyeshwa, mama aliingia akifuta mikono kwenye kitenge. Upande wa kupikia hapakuwa na taa. Taa ilikuwa mwisho kabisa, pamoja na feni ndogo, juu ya kitanda cha zamani walichokiacha wajenzi, ambacho papa alikuwa amekipiga randa na kukitengenezea godoro jipya.

"Bon, na hii kitanda iko ya nani?"

"Iko yako," papa alisema. "Watu wakimaliza kula, unalala kidogo."

"Mie nilale muchana? Alors watu watasema nini? Toa! Nataka meza."

Kwetu mwanamke anayelala mchana ni mgonjwa au mvivu, na mama hakutaka kuitwa lolote kati ya hayo. Nami, mdomo wangu haukuwa na breki, nikadakia, "Papa, kweli hii kitanda iko ya bure!" Mama akacheka. Papa hakucheka. Alichukua koleo, akazikata nyaya alizozihangaikia wiki nzima, akaanza upya kuzielekeza jikoni.

Mama aliuza mle miaka kumi na minne, wima.

Papa ameshafariki. Juzi nimetoka kazini hoi, nikawa namkanda mama miguu kwa maji ya moto, nikamwuliza kama anakikumbuka kile kitanda.

"Nilisema itoke, ni kweli," akasema. "Lakini nilikuwa nangojea mutu mumoja tu aseme hapana."

Iliniuma, sitaficha. Maisha yangu yote niliamini mama hachoki. Siku ile tulikuwa watatu mle ndani, na papa alikuwa ameshavunjika moyo, kwa hiyo huyo mtu mmoja alibaki kuwa mimi. Nami nilishika kitanda upande wa miguuni, papa akashika kichwani, tukakitoa nje, nikicheka.