Koti la Monique

Ghislaine Hennuy, fundi cherehani mstaafu wa Liège, alisoma kila riwaya ya katuni mara mbili: kwanza picha peke yake, kisha maneno. Alipenda za mauaji, zenye wino mweusi, mvua na mpelelezi asiyelala. Kahawa ilipoa kando yake, naye akicheka kila alipomjua muuaji kabla ya mpelelezi.

Kitabu kipya cha Lambert Crahay hakikumchekesha. Ukurasa wa arobaini, maiti ya msichana imelala kando ya kisima, koti limefungwa hadi shingoni. Kifungo cha tatu kilikuwa kikubwa kuliko vingine.

Kifungo kama hicho alikishona yeye, mwaka 1974, akikitoa kwenye koti la baba yao, asubuhi ambayo mdogo wake Monique alitoka asirudi. Polisi waliambiwa "koti jeusi", basi.

Labda ni sadfa tu, alijiambia. Jumamosi Crahay alikuja kwenye duka la vitabu la Josée kutia sahihi na, kama ilivyo desturi, kumchorea kila msomaji picha ukurasa wa mbele. Ghislaine akapanga foleni.

"Leo hadi rangi ya mdomo, shoga!" Josée akamtania. "Mzee ana mke huyo."

"Abaki naye. Mimi nataka picha."

Crahay, mvi tupu, hakuinua macho. "Nikuchoree nini, bibi? Mpelelezi?"

"Yule marehemu. Akiwa hai, amesimama."

"Makubwa! Wewe ndiye wa kwanza kumtaka."

Kalamu ikaenda. Kola. Kifungo, kifungo. Cha tatu akakizungusha kikubwa bila kutazama popote, na katikati akaacha msalaba mweupe wa uzi. Kitabuni uzi haukuwamo. Asubuhi ile ya 1974 uzi mweusi ulikuwa umemwishia Ghislaine, akatumia mweupe.

"Niandike kwa nani?"

"Kwa Monique Hennuy."

Kalamu ikasimama. Doa la wino likatanuka chini ya ncha yake.

"Jamani, tutalala hapa?" mtu akanung'unika kwenye foleni.

Ghislaine akakivuta kitabu kutoka chini ya mkono wa mzee. Kitabu kilichochorwa hakifungwi hadi wino ukauke. Hilo Liège kila mtu analijua. Akakibeba wazi kwa mikono miwili, kama sinia, akashika njia ya kituo cha polisi. Nyuma yake kiti cha mzee kilikwaruza sakafu, kisha kengele ya mlango wa duka ikalia tena.

Hakukimbia. Wino ulikuwa bado mbichi.